Moto wa kwetu urekodiwe kwetu

Mara ya kwanza kuona salfa ikiungua nilikuwa karani wa ghala la chama cha msingi, huko juu Tandahimba. Ilikuwa mchana wa jua kali, na moto wenyewe sikuuona. Nilichoona ni mfuko mmoja pembeni mwa rundo ukinywea wenyewe, plastiki yake ikijikunja kama ngozi, na unga wa njano uliokuwamo ukageuka kahawia na kuanza kutiririka kama asali. Papo hapo koo langu likafunga. Wapakiaji wawili waliokuwa karibu walitoka mbio wakikohoa, machozi yakiwatiririka. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akanyakua ndoo ya maji na kuimwaga kwa nguvu zake zote. Unga mkavu wa pembeni ukatimka hadi kwenye kenchi. Mungu alitunusuru, vumbi lile halikukutana na moto. Tulizima kwa mchanga, tukiingia kwa zamu na majembe, kila mmoja akivuta pumzi nje kwanza na kuibana.

Ilinichukua miaka kujua tulikuwa tunacheza na nini. Salfa huungua kwa ndimi za bluu ambazo kwenye mwanga wa mchana hazionekani kirahisi. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 115 hivi, ikawa kimiminika kinachotembea na moto wake hadi chini ya mifuko mingine. Moshi wake ni gesi ya dioksidi ya salfa, inayokaba koo na kuchoma macho. Nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujilaza chini, palepale mtu anapodhani akitambaa atapata nafuu. Vumbi la salfa likitimka hewani na kukutana na cheche linaweza kulipuka. Ndiyo sababu maji ya mkondo wa nguvu ni hatari kwenye ghala la namna hii. Yanayofaa ni maji ya ukungu, yanyunyizwe taratibu, na kwa moto mdogo mchanga unatosha.

Kwa wanaofanya kazi kwenye viwanda vya salfa duniani, hayo ni maarifa ya siku ya kwanza kazini. Kwa watu wa Mtwara na Lindi yangepaswa kuwa hivyohivyo. Tangu watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walipoonyesha kwamba unga wa salfa unaudhibiti ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kila msimu shehena hushushwa bandarini Mtwara na kusambazwa hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi vya Newala, Masasi, Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ghala nyingi kati ya hizo ziko kati ya nyumba za watu, jirani na shule, jirani na soko. Nimetafuta mtandaoni video ya Kiswahili inayomwonyesha askari wa zimamoto namna ya kuingia kwenye ghala la aina hiyo. Nimeona Wamarekani wakikata paa la mbao kwa msumeno wa mota. Nimeona Wajerumani wakipanda ngazi ya ghorofa ya 7. Ghala la salfa la kwetu sijaliona.

Hoja yangu ni kwamba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji katika mikoa hii miwili lianze kurekodi video zake lenyewe za mafunzo, kuhusu moto wa huku, kwenye majengo ya huku, zikisemwa na askari wanaofanya kazi huku. Na lianze na salfa.

Sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni uhamisho. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri za miji, na mtu angeweza kuanza kazi Lindi akastaafia Lindi. Sheria ya mwaka 2007 ililifanya jeshi kuwa moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na hilo lilikuwa jambo jema: amri moja, chuo kimoja kule Chogo, Handeni, namba moja ya dharura, 114, kwa nchi nzima. Lakini jeshi la taifa huhamisha watu wake, na askari anapohama huondoka na kituo kizima kichwani. Anajua tangi lipi la Newala bado lina maji mwezi wa Oktoba. Anajua uchochoro gani wa Mikindani gari likiingia haligeuki. Anajua ghala lipi mlango wake unafungukia ndani, kwa hiyo mifuko ikiporomoka haufunguki tena. Barua ikitoka, ndani ya siku chache yuko Kigoma, na nafasi yake anaichukua kijana aliyekuwa Kagera, mwenye nidhamu, mwenye nguvu, ambaye hajawahi kuona mfuko wa salfa maishani mwake.

Tunapokezana ofisi kwa hati ya makabidhiano inayotaja magari, mipira ya maji, nozo na helmeti. Anachokijua mtu hakina safu kwenye hati hiyo. Simu ya mkononi ingeweza kukichukua kwa saa moja, kabla mtu hajapanda basi.

Mzee mmoja jirani yangu, aliyestaafu zimamoto, aliwahi kunieleza habari za upepo. Kwamba ghala hujaa salfa kuanzia Aprili, Mei, kwa ajili ya upuliziaji, na hiyo ndiyo miezi ya kusi, upepo unaotoka kusini. Kwa hiyo anayefika kwenye moto wa salfa wakati huo, kabla hajatazama hata bendera ya shule, tayari anajua gari lake lisimame upande wa kusini na watu waondolewe upande wa kaskazini. Likiungua Desemba, wakati wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini, hesabu inageuka. Mvuvi wa Kilwa analijua hilo tangu utotoni. Askari aliyekulia Tabora halijui, na hana kosa lolote kwa kutolijua. Mzee yule hakuliandika popote. Alinieleza mimi, tukiwa tumekaa barazani, na mimi si askari.

Sasa niseme kuhusu video za nje, maana sitaki ionekane nazidharau. Zipo zilizotengenezwa kwa utafiti wa hali ya juu na zinatolewa bure. Taasisi ya utafiti wa usalama wa moto ya UL huko Marekani imerekodi vyumba viwili vikiungua sambamba, kimoja kikiwa na samani za zamani za mbao na pamba, kingine samani za kisasa za sponji na plastiki. Kile cha kisasa kilishika moto chote kwa mara moja katika muda usiofika dakika 4. Kile cha zamani kilichukua takribani dakika 30. Askari yeyote wa Mtwara anapaswa kuiona rekodi hiyo, kwa sababu sofa za sponji zimejaa Shangani, Chikongola na Magomeni kama zilivyojaa Marekani, na dakika 4 hizo huanza kuhesabiwa kabla hata mtu hajapiga 114. Moto kwa asili yake ni uleule kila mahali.

Kinachobadilika ni nyumba, maji na vitu vinavyoungua, na hapo ndipo mwalimu wa kigeni anatuacha njiani. Kwenye video zake anafungua bomba la zimamoto lililo kona ya mtaa. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto, udongo unakunywa mvua yote, na maji ya kunywa yenyewe yanasukumwa kutoka bondeni au yanavunwa kwenye bati na kuwekwa kwenye tangi. Askari wa huko anahitaji somo la kuzima ghala kwa maji yaliyomo kwenye gari lake tu, la kupokezana maji kati ya gari na gari, la kunyonya maji kwenye tangi la shule bila kuvuta matope. Yeye ndiye anayepaswa kulifundisha, maana ndiye aliyelifanya.

Kuna watakaosema tutafsiri tu. Sisi ni watu wa filamu zilizotafsiriwa. Tumekulia kwenye vibanda tukisikiliza sauti ya Kiswahili juu ya picha za Wahindi na Wachina, na ilitufaa. Lakini kwenye filamu ile mtazamaji anafuata kisa. Kwenye video ya mafunzo anafuata mikono, na mikono ikishika kitu ambacho kituo chake hakina, Kiswahili kizuri hakitamsaidia.

Chukua nondo za madirisha. Karibu kila nyumba ya tofali mjini Mtwara na Lindi ina nondo au grili, kwa kuogopa wezi. Moto ukishika sebuleni usiku, waliolala vyumbani wako gerezani. Mwalimu wa kigeni anavunja kioo na kumtoa mtoto dirishani. Hapa ukivunja kioo umeingiza hewa na mtoto bado yuko ndani. Ipi ni njia ya haraka zaidi? Kukata nondo kwa mashine? Kung'oa fremu kwa mtaimbo? Kufunga mnyororo na kuvuta kwa gari? Kuacha dirisha kabisa na kubomoa tofali zilizo chini yake? Hilo halijibiwi kwa mabishano ya kantini. Barabara zinapopanuliwa, nyumba huwekwa alama ya X na kusubiri kubomolewa. Kituo kiombe nyumba moja ya namna hiyo, kiweke kamera, kiweke saa, kijaribu njia zote 4 kwa askari walewale. Kitapata video, na pamoja nayo kitapata jibu ambalo hakikuwa nalo asubuhi. Hapo ndipo ninapoona thamani kubwa ya kutengeneza video badala ya kutazama tu za wengine: kurekodi kunamlazimu anayefundisha aamue. Akisimama mbele ya kamera hawezi kusema "inategemea" halafu akapita. Wenzake watamuuliza inategemea nini.

Au chukua gesi. Mtwara ndiko inakotoka gesi asilia ya Mnazi Bay. Inachakatwa Madimba na kuondoka kwa bomba la inchi 36 hadi Dar es Salaam. Lindi ina Songo Songo, kisiwani Kilwa, inayozalisha tangu 2004. Wakati huohuo serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na kwa nyumba nyingi hiyo maana yake ni mtungi. Watu wengi, hata wasomi, huita zote mbili gesi, wakadhani zina tabia moja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja inashuka sakafuni, inajificha chini ya kitanda, inaingia mtaroni na kusafiri hadi kwenye jiko la mkaa la jirani. Gesi asilia ya bomba ni nyepesi: inapanda, inajikusanya chini ya siling bodi, inapenya kwenye paa. Katika mikoa ambayo gesi zote mbili zimeanza kukaa mtaa mmoja, swali la kwanza mlangoni liwe: mama, ni mtungi au ni bomba? Jibu lake ndilo linaloamua mtu ainame au asimame, afungue cha chini au cha juu. Na kwa zote mbili kuna kanuni moja ambayo macho hukataa kuikubali hadi yaonyeshwe: gesi inayoungua ikitoka kwenye tundu, usiizime kama huwezi kuifunga. Ikizimika na kuendelea kuvuja, chumba kizima kinageuka bomu.

Yapo mengine nitayataja kwa kupita. Makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayorundikwa kusubiri meli Mtwara, yanayoweza kupata moto ndani kwa ndani bila kiberiti, na kumwagia maji juu hakufiki kwenye kiini. Maganda ya korosho kwenye viwanda vya kubangulia, yenye mafuta yanayoungua vikali na kubabua ngozi. Visima virefu ambavyo mtu akitumbukia, anayemfuata bila kifaa cha kupumulia anabaki hukohuko naye, kwa sababu hewa ya chini haina oksijeni ya kutosha. Kila moja ni video ya dakika 5.

Nasema dakika 5 kwa makusudi. Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video za masomo mtandaoni, wakaona watazamaji huanza kuchoka karibu na dakika ya 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Askari aliyetoka zamu ya usiku hawezi kuwa na subira kuwazidi wanafunzi wale. Video ya saa nzima yenye hotuba ya mgeni rasmi mwanzoni, wimbo wa jeshi na picha za gwaride itafunguliwa mara moja na kufungwa milele. Ianze na kitu chenyewe: huu ni unga wa salfa, hivi ndivyo unavyoungua mchana, hivi ndivyo unavyoungua jioni.

Kamera ikae nyuma ya bega la anayefanya, ili mtazamaji aione mikono kana kwamba ni yake. Ukimpiga picha kwa mbele, kulia kunakuwa kushoto, na anayejifunza kufunga kiungo cha mpira atakuwa anageuza kichwani kila hatua. Sauti irekodiwe kwa maikrofoni ndogo ya kifuani, kwa sababu upepo wa pwani unakula maneno. Muziki usiwepo kabisa. Injini ya pampu ina mlio wake, na dereva mzuri anajua kwa sikio kwamba pampu inavuta hewa badala ya maji. Anayejifunza na ausikie mlio huo, na jina lake atajiwe palepale.

Kuhariri nako kuna hatari yake. Ukikata sekunde za kuchosha, unamdanganya askari kuhusu muda. Kuvaa kifaa cha kupumulia, kukagua kipimo cha mtungi wa hewa, kuvuta mpira kutoka garini hadi mlangoni, yote hayo yaonekane kwa urefu wake, saa ikitembea pembeni mwa picha. Anayeona mlango ukifunguliwa sekunde 3 baada ya gari kusimama ataingia kwenye moto wa kweli akidhani amechelewa, ataruka hatua, na hatua hiyo ndiyo inaweza kumuua. Makosa nayo yabaki. Rekodi ya mtu anayemwaga maji kwa nguvu kwenye unga wa salfa, ikafanyiwa kwenye uwanja wazi kwa kiasi kidogo na watu wakiwa mbali, ingefundisha kuliko maneno yote niliyoyaandika hapa.

Na hapa nafika kwenye jambo ninalolihofia zaidi, ambalo halihusu kamera wala pesa. Jeshi ni jeshi. Konstebo hawezi kusema mbele ya kamera kwamba pampu iligoma, au kwamba amri ilichelewa, au kwamba yeye mwenyewe aligeuza valvu isiyo yake, kama anajua rekodi hiyo inaweza kufika kwa afande ikiwa ushahidi dhidi yake. Atasema kila kitu kilikwenda vizuri. Tutapata video safi, zenye sare zilizopigwa pasi, zisizo na somo lolote. Kwa hiyo kabla ya kununua hata kishikio cha simu, makamanda wa mikoa waseme kwa maandishi kwamba kinachorekodiwa kwa ajili ya mafunzo hakitatumika kwenye mashtaka ya nidhamu. Marubani wana utaratibu unaokaribiana na huo kwa miaka mingi, wa kuripoti makosa bila mtu kuandamwa, na usafiri wa ndege umekuwa salama zaidi kwa ajili yake. Askari wetu wanastahili ulinzi huohuo. Afande mwenye cheo akianza yeye, akasimulia siku aliyokosea, konstebo atapata ujasiri.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba moto hauzimwi kwa kutazama. Nalikubali lote. Video haina joto. Haiwezi kumwonyesha mtu jinsi mpira wenye maji unavyosukuma nyuma, wala jinsi moyo unavyodunda ndani ya barakoa wakati huoni hata kiganja chako. Anayetazama moto mia moja bila kushika nozo ana kujiamini tu, na kujiamini bila mazoezi kunaua haraka kuliko woga. Ndiyo maana nataka kila video ifungwe na zoezi: itazamwe asubuhi, ifanyiwe kazi uwanjani siku hiyohiyo, irekodiwe tena, wakae waangalie tofauti. Mkufunzi anayetoka Chogo kuja kusini ana siku chache. Leo sehemu ya siku hizo inakwenda kwenye maelezo ya ubaoni. Maelezo hayo yangetangulia kwa simu, na siku zake zote zingebaki za jasho.

Pingamizi lingine lina uzito zaidi: video yenye kosa hufundisha kosa hilo kila inapofunguliwa. Mkufunzi akikosea darasani amewakosesha watu 20, na kesho anaweza kusahihisha. Video ikishasambaa kwenye makundi ya WhatsApp hairudi. Kwa hiyo isitoke kabla wakufunzi wa Chogo hawajaipitisha, na kwa salfa, wataalamu wa Naliendele nao waitazame. Tarehe ya kurekodiwa iandikwe kwenye picha yenyewe, pamoja na tarehe ya kupitiwa upya. Ikipita tarehe hiyo, askari ajue anatazama kitu kilichochacha.

Pia ziwe za aina mbili, zisichanganywe. Newala iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mtwara mjini, na Liwale ni mbali zaidi kutoka Lindi. Popote moto unapotokea, wanaofika kwanza ni watu wa pale: makarani wa ghala, wapakiaji, mgambo, vijana wa bodaboda. Bukoba, Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani watu 24 kati ya 43 walinusurika, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuifikia. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye aliingizwa kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wananchi wanahitaji video yao. Lakini mpakiaji akiona video ya askari aliyevaa mtungi wa hewa akiingia kwenye moshi wa salfa, anaweza kuiga kuingia na asiwe na mtungi. Video ya mwananchi iishie mapema: toka, toa wenzako, kata umeme ukiweza, simama upande unakotoka upepo, piga 114, na mchanga utumike tu kama moto ni mdogo na njia ya kutokea iko nyuma yako. Ile ya askari ibaki kwa askari.

Walioumia wasigeuzwe vielelezo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria tuna aibu. Familia iliyopoteza mtoto Nachingwea isije ikamwona kwenye simu ya mtu stendi ya Masasi. Somo linaweza kuigizwa, na sura ya marehemu haihitajiki ndani yake.

Kuhusu kuzifikisha, Mei 2024 ilitupa funzo lote ndani ya wiki mbili. Kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara huko Kilwa, eneo la Somanga, na kusini ikatengana na Dar es Salaam. Kabla hatujapumua, tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, na mtandao ukadorora nchi nzima. Mkufunzi asingeweza kuja, na video iliyoko mtandaoni pekee isingefunguka. Kwa hiyo ziwe mtandaoni, ndiyo, maana ndiko askari wa Liwale atakakozipakua bila kusubiri mtu. Lakini kila kituo kiwe nazo zote kwenye flashi na memori kadi, zikitunzwa kama yanavyotunzwa madaftari ya zamu. Video ya dakika 5 kwa ubora wa wastani inachukua MB 35 hadi 40 hivi, kwa hiyo masomo 50 yanaingia kwenye memori kadi ndogo kabisa ya dukani. Zikitumwa kwa WhatsApp zitumwe kama faili, zisikandamizwe hadi nozo ionekane kama kijiti.

Gharama ni simu ambayo tayari iko mfukoni mwa askari, kishikio chake, maikrofoni, na siku za kazi. Siku za kazi ndizo ghali, najua. Kituo chenye watu wachache hakiwezi kumtoa mmoja akawa mpiga picha wakati wote. Vyama vikuu vya ushirika vinavyokata makato kwenye kila kilo ya korosho vina sababu ya kuchangia kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ghala ni zao, salfa ni yao, na korosho inayosubiri mnada kwenye ghala hizohizo kuanzia Oktoba ni ya wakulima wao.

Rekodi ya kwanza ingeweza kufanyika mwezi Machi, kabla mifuko haijaanza kusambazwa. Uwanja wazi, mbali na nyumba, gari moja limesimama upande unakotoka upepo, askari wawili wamevaa vifaa vya kupumulia, mchanga umemwagwa chini. Kijiko kimoja tu cha salfa juu ya bati. Kiwashwe saa 7 mchana, na kamera ikae karibu hadi mtazamaji akiri kwamba haoni kitu. Kisha wasubiri. Kiwashwe kingine baada ya jua kuzama, palepale, kwenye bati lilelile, na bluu ile ijitokeze. Askari aliyeripoti juzi kutoka Kagera azione zote mbili, moja baada ya nyingine, kabla hajapangiwa zamu yake ya kwanza.